Mama Philomène Mwape na Medali Iliyolala Katika Nyumba za Panda

Mheshimiwa Padri, wazee wa familia, majirani wa Panda, na ninyi ndugu mliosafiri kutoka Kapolowe na Kambove, ninawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuja kutulilia. Mimi ni Emérance, mke wa Alexis, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia ilikaa ikaamua kwamba maneno haya niyasome mimi. Nilijaribu kukataa. Wakaniambia kuna siku moja katika maisha ya Mama ambayo mimi niliiona kwa karibu kuliko mtu yeyote aliye hapa, na kwamba haifai isomwe na mwingine.

Philomène Mwape Kalunga alizaliwa Kapolowe, kando ya mto Lufira, tarehe 11 Februari 1936. Alikuwa mtoto wa pili wa Barthélemy Kalunga, mvuvi, na Julie Kapya. Nyumba yao ilikuwa karibu sana na mto, na Mzee Barthélemy aliona kwamba ukuta wa matete hautamzuia mtoto mtundu kufika majini. Kwa hiyo alimfundisha kuogelea mapema, hata kabla hajajua kufunga kitambaa chake mwenyewe. Dada yake, Tantine Alphonsine, ambaye tuko naye hapa, anasimulia kwamba Philomène alipokuwa msichana alikuwa akimpelekea baba yao chakula kwenye kisiwa cha mchanga alikotega nyavu. Alivuka kwa kuogelea, sufuria ya bukari, ugali wetu, kichwani, mwili wote ukiwa chini ya maji. Siku moja mtawa mmoja wa misheni, mgeni aliyefika wiki hiyo tu, aliona sufuria inavuka mto peke yake. Alifanya ishara ya msalaba akakimbia kumwita mwenzake. Walipofika, sufuria ilikuwa imekwisha kupanda ukingo wa pili, na chini yake alikuwa msichana mwembamba aliyelowa, anawapungia mkono.

Alisoma shule ya msingi ya misheni huko Kapolowe, na mwaka 1950 alipelekwa shule ya bweni ya wasichana mjini kwetu Likasi, wakati mji ungali ukiitwa Jadotville. Alijifunza Kifaransa, ushonaji na malezi ya watoto wachanga, akapata cheti mwezi wa Julai 1954. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa mwalimu katika foyer ya Panda, ile nyumba ambamo wake wa wafanyakazi walijifunza kushona, kupika na kutunza watoto. Alifanya kazi hiyo maisha yake yote. Wanawake wengi wa kampi, makazi yetu ya wafanyakazi hapa Panda, walishika mkasi wao wa kwanza mbele yake. Hakuwa mwepesi wa kusifu. Akikuambia mshono wako si mbaya, ulikwenda kuutangaza nyumba kwa nyumba.

Tarehe 28 Juni 1958, katika parokia hii, alifunga ndoa na Georges Musoka Lupita, mzaliwa wa Kambove, fundi wa vyuma katika karakana za Panda na kiongozi wa kwaya. Papa Georges alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, sauti nzito ambayo watu waliisikia kanisani kabla hawajamwona. Mungu aliwapa watoto watatu: Alexis mwaka 1960, Damas mwaka 1963, na Germaine mwaka 1967. Walipendana kwa mzaha na maneno mengi. Mama alimwomba mara nyingi akubali kufundishwa kuogelea, na Papa Georges alikuwa na jibu lake lile lile: yeye ni mtu wa chuma, na chuma hakijapata kuelea. Watu walicheka, naye Mama alicheka pamoja nao, kisha akamwomba tena.

Sasa nisimulie jinsi habari ya piscine ilivyoanza, maana vijana wengi wanafikiri ilikuwapo siku zote.

Mwanzoni mwa mwaka 1969, katika mvua kubwa za Januari, mtoto mmoja wa kampi alianguka ndani ya shimo la zamani la machimbo lililojaa maji. Mama yake alikuwa katika darasa la ushonaji habari ilipofika. Mama Philomène aliweka kitambaa chini, akamshika yule mama mkono, wakaenda wote. Yeye ndiye aliyeingia ndani ya maji kumtoa mtoto, na alimtoa akiwa ameshakufa. Tantine Alphonsine anasema baada ya siku hiyo dada yake alirudia neno moja tu, kwamba lile shimo halikuwa pana. Mtu aliyejua kidogo tu angetoka.

Hapo alikwenda kwa Bwana Stanislas, msimamizi wa piscine ya mjini. Bwawa lile la kuogelea lilikuwa la Wazungu miaka ya nyuma, na hata baada ya milango kufunguliwa kwa familia zote, watoto wa kampi waliishia kuchungulia nje ya ua. Mama aliomba apewe bwawa asubuhi za siku ambazo halina watu. Bwana Stanislas alimuuliza ana timu gani. Alijibu kwamba hana timu, ana watoto. Yule mzee alikubali, na Mungu amkumbuke kwa hilo.

Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi akina mama. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na jina: mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, anayevuta watoto wa watu. Mama Philomène hakuwacheka. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa habari za sokoni: "Mamba muntu hapende dawa banatia mu piscine. Inamuwasha macho." Mama yangu mzazi alikuwa mmojawapo wa waliosikia. Alinipeleka juma lililofuata.

Mavazi ya kuogelea hatukuwa nayo. Alitushonea yeye, kutoka mabaki ya vitambaa vya foyer, na ndiyo maana watoto wa Panda tulionekana majini na maua, mistari na rangi ambazo hazikupatana hata kidogo. Somo la kwanza halikuwa kwenda mbele wala kupiga miguu. Lilikuwa kulala. Aliweka kiganja chini ya mgongo wako, akakuambia uangalie mawingu na uache maji yakubebe, na hukujua ni wakati gani kiganja kilikuwa kimekwisha kuondoka. Somo la pili lilikuwa kutokumkaba shingo anayekuja kukusaidia. Alitutia majini na nguo zetu za shule, na viatu pia, kwa sababu, alisema, hakuna mtu anayeanguka mtoni akiwa amevaa nguo ya kuogelea. Hakutuingiza katika mashindano yoyote. Bwana Stanislas alimlaumu kidogo, maana baadhi yetu tulikuwa na mbio. Mama alimwambia atafute mwalimu mwingine wa mbio.

Ninafika sasa kwenye siku ile.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 23 Aprili 1973, kwaya ya Panda pamoja na watoto wa katekisimu walikwenda kuimba katika kanisa dogo ng'ambo ya ziwa la Tshangalele. Papa Georges aliongoza kwaya, Mama aliongoza watoto. Alexis na Damas walikuwapo. Germaine alibaki nyumbani na jirani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na mdogo wangu Marcelline, mwenye miaka mitano, ambaye alikuwa bado hajaanza kujifunza kuogelea. Tuliimba, tukala samaki, na baada ya mchana tukapanda mashua kubwa ya bati kurudi. Wenyeji wanajua kwamba ziwa lile lilifunika msitu, na visiki vya miti ya zamani vingali vimesimama chini ya maji. Upepo ukaja, mashua ikatoka katika njia yake, ikagonga kisiki. Bati lilipasuka. Maji yaliingia kwa kasi, na mashua ilikwenda chini ikatuacha juu ya maji, kila mtu pale alipokuwa amekaa.

Nawaomba mnielewe ninaposema kwamba lilikuwa jambo la ajabu kuliona. Watu wazima walipiga kelele, wakashikana, wakazama wakiwa wameshikana. Watoto walilala. Kila upande nilioangalia niliona watoto wa Panda wamelala juu ya maji na nguo zao nyeupe za Pasaka, nyuso zimeelekea mawinguni, wanaitana majina. Na katikati yao Mama Philomène alikuwa anaogelea, anachukua mmoja, anampeleka kwenye visiki vilivyotokeza juu ya maji, anamwambia ashike, anarudi. Wakubwa miongoni mwetu, kama Alexis, walianza kufanya hivyo hivyo bila kuambiwa.

Mimi sikuweza kulala kwa sababu Marcelline alikuwa amenishika. Tulikuwa tunakwenda chini wote wawili. Ndipo mkono mkubwa ulipotushika kwa nguo na kutupandisha juu ya pipa tupu la mafuta lililokuwa limetoka katika mashua. Alikuwa Papa Georges. Alikuwa ameshikilia pipa lile, nalo lilikuwa linaingiza maji polepole. Kwa mtu mmoja lingetosha. Kwa watoto wawili lilitosha. Kwa sisi watatu lilikuwa linazama, na yeye, fundi wa vyuma, aliliona hilo kabla yangu. Alimwita mke wake. Mama alikuwa mbali kidogo, na mtoto mmoja begani.

"Philo, kamata bano batoto," alisema.

"Ngoja, nakuya," alijibu Mama.

Papa Georges alipima ule umbali kwa macho. Kisha alitugeukia, uso wake ukiwa karibu na wangu, na sauti ile nzito ya kanisani ilikuwa imekuwa ndogo. Alisema: "Mushike nguvu. Mama anakuya." Akaachilia. Hakuna wimbi lililomtoa. Aliachilia mwenyewe, mikono yote miwili, akalisukuma pipa upande wa mke wake.

Mama Philomène aliona yote. Alikuwa amekwisha kumfikisha yule mtoto mwingine kwenye kisiki, na alikuwa njiani kati yetu na mahali pale mume wake alipoingia chini. Upepo ulikuwa unatupeleka mbali, kule ambako hakuna visiki. Aliangalia pale alipozama mume wake, akaangalia kwetu. Akaja kwetu. Alitufikisha, akatushikisha mti, kisha akarudi akapiga mbizi mahali pale, akatoka, akapiga tena, mpaka wavuvi waliokuja na mitumbwi walipomkamata kwa nguvu na kumpandisha. Watoto wote wa katekisimu walitoka siku ile. Watu wazima sita hawakutoka. Papa Georges alipatikana kesho yake.

Alizikwa Kambove, kwa wazazi wake. Katika matanga, mama yake mzazi, Mama Gertrude, alikaa mbele, na mjane aliwekwa nyuma, karibu na mlango. Mama Gertrude alimwambia neno moja mbele ya watu wote, bila kupandisha sauti: "Batoto ba bantu bote balitoka mu mayi. Wangu njo ulimuacha."  Mama Philomène angeweza kusimulia yaliyotokea. Alimwambia Tantine Alphonsine baadaye kwamba maneno hayo, yakitoka katika kinywa chake yeye, yangekuwa kujitetea tu, na mtu aliyefiwa na mtoto hahitaji kusikiliza mtu anayejitetea.

Alirudi Panda, akaendelea na darasa la ushonaji, lakini piscine hakukanyaga tena. Tulikuwa tunakwenda kukaa mbele ya nyumba yake, nguo zetu zenye maua zimekunjwa kwapani. Alitupa karanga, akaturudisha nyumbani.

Aliyemtoa katika hali ile ni baba yangu, Benoît, mfua vyuma, mtu asiyependa kuzungumza. Siku ya Jumapili, baada ya misa, alikwenda kwake, akakataa kiti. "Mama," alisema, "unifundishe na miye. Sitaki mutu mwengine aachilie pipa kwa ajili ya batoto bangu."  Mama Philomène akamwambia aje Jumamosi, na aje na viatu.

Baba alikuja, na Jumamosi iliyofuata alikuja na wenzake wa zamu. Baadaye walijaa. Nimeona mambo mengi, lakini sijapata kuona kitu kama wale wanaume wa Panda, watu wa moto na nyundo, wengine wana mvi, wamejipanga kando ya bwawa na kaptula zao, wanatetemeka. Mmoja mmoja waliingia, wakaegemea kiganja cha mwanamke mdogo wa mwili, wakafumba macho. Sisi watoto tulikaa ukingoni. Hakuna aliyecheka. Na baba yangu alipolala juu ya maji kwa mara ya kwanza, alilia, akabaki amelala vile vile, machozi yanaingia masikioni.

Mwisho wa mwaka ule baba alitupeleka, mimi na Marcelline, Kambove kwa Mama Gertrude. Alimwambia kwa heshima kwamba watoto hawa wana neno la mwanawe. Nilimsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Alinirudisha nyuma mara nyingi: alisema nini, alishika wapi, mkono gani uliachilia kwanza. Nilipomaliza alitushika vichwa, akatupikia bukari na kuku, akakaa mbele yetu kuhakikisha tumemaliza yote.  Juma lile lile alipanda lori na mizigo yake akaja Panda, akagonga mlango wa mkwe wake. Mama Philomène alifungua. Mkwe na mama mkwe walisimama pale mlangoni, na Alexis, aliyekuwa ndani, anasema Mama Gertrude alisema hivi: "Nilikuambia neno mubaya mbele ya bantu. Nitakaa hapa, bantu bote banione." Alikaa kweli. Waliishi pamoja miaka kumi na zaidi, mpaka Mama Gertrude alipofariki mwaka 1984, na aliyemfunga macho ni Mama Philomène.

Mwaka 1975 ilikuja habari ya medali. Taifa lilikuwa limetengeneza medali ya ukumbusho kwa ajili ya watu walioikuza michezo nchini, na Bwana Stanislas alikuwa amepeleka jina la Mama bila kumwambia. Aliitwa Lubumbashi, kwenye sherehe ya tarehe 24 Novemba. Mama Philomène alikataa. Alisema hawezi kuvishwa kitu kifuani kwa ajili ya siku ile. Watu wa parokia walimsihi, akawasikiliza, akakataa. Mama Gertrude ndiye aliyemaliza maneno. "Tutaenda bote," alisema. "Kule kuko bantu bengi. Batasikia jina ya mwana wangu."

Wakaenda kwa treni, na kwaya ikawasindikiza. Mimi nilikuwapo. Uwanja ulijaa. Walioitwa mbele walikuwa wacheza mpira, mabondia, wakimbiaji, watu ambao tulikuwa tumewasikia katika redio tu, na katika mstari wao alisimama Mama na kitenge chake, akifika kwenye viwiko vyao. Mjumbe aliyetoka Kinshasa alisoma jina kwa cheo cha raia cha siku zile, "Citoyenne Mwape Kalunga," kwa kuwa wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Alimvisha, akamuuliza kwenye kipaza sauti ameshinda mashindano gani. Mama alijibu kwamba hajashindana na mtu. Yule mjumbe alitabasamu, akauliza basi amefanya nini.

"Nilifundisha batoto kulala juu ya mayi," alisema Mama. "Lakini bawili balikuwa mu mikono ya bwana yangu. Naomba museme na jina yake."

Mjumbe aliangalia karatasi yake. Hakuona jina lingine. Ndipo kutoka kwenye viti vyetu bibi mmoja mzee alisimama. Mama Gertrude hakuhitaji kipaza sauti. Sasa nilijua Papa Georges alitoa wapi sauti ile. "Georges Musoka Lupita," alisema, jina la ubatizo na yote, mbele ya chama na serikali. Watu walitazamana. Mlinzi mmoja alianza kupanda ngazi kuja kwetu. Lakini katika mstari wa mbele, bondia mmoja mkubwa aliyekuwa kando ya Mama aliinamisha kichwa, na aliyefuata akafanya vivyo hivyo, na mstari wote wa mashujaa ukainama. Mlinzi alisimama pale alipofika. Mjumbe alisafisha koo, akarudia kwa sauti ya chini, "Musoka Lupita." Jina la ubatizo alilimeza. Haikudhuru. Uwanja wote ulikuwa umekwisha kulisikia.

Katika treni ya kurudi, Mama Philomène aliivua medali akamvisha mama mkwe wake. Mama Gertrude aliivaa mpaka Likasi, na kondakta alipomuuliza amecheza mchezo gani, alimwambia amezaa.

Medali ile ilikuwa ya shaba nyekundu, na mwenge umechorwa upande mmoja na jina upande wa pili. Mama hakuitundika ukutani. Juma lile lile aliipeleka piscine. Kuanzia siku hiyo, mtoto yeyote aliyevuka bwawa kwa mara ya kwanza, kutoka ukingo hadi ukingo, alivishwa medali ya taifa, akaenda nayo nyumbani kwao, akalala nayo, akairudisha asubuhi. Wanaume wa Jumamosi walivishwa pia. Nyumba ngapi za Panda zililaza medali ile, hakuna ajuaye. Watu walipika chakula kizuri siku hiyo, majirani waliitwa kuiona, babu waliivaa kidogo, na kesho yake ilirudi. Haikupotea hata siku moja, hata katika miaka ambayo shaba iliibiwa mpaka kwenye nyaya za umeme. Ilishikwa na mikono mingi mno, mpaka jina likafutika. Damas alitaka kuipeleka kwa fundi ili jina lichongwe tena. Mama alimwambia aiache.

Mwaka 1985 niliolewa na mwanawe Alexis. Nilipoingia katika nyumba ile niliogopa kwamba kila akiniona angeona pipa. Siku ya harusi alinishika mkono kabla ya kuingia kanisani, akaniambia taratibu: "Georges alitangulia kukuchagua mbele yetu bote." Sikupata kuogopa tena.

Mwaka 1988 pampu za piscine zilisimama, vyuma vya kuzitengeneza havikupatikana, na bwawa likakauka. Mama alikuwa amekwisha kupata ugonjwa wa sukari, na mguu wa kushoto ulikuwa unamsumbua. Hata hivyo, katika likizo alichukua watoto kwa lori mpaka Kapolowe, akakaa kwenye kiti ndani ya mto wa baba yake, maji yakimfika kifuani, akiwafundisha akiwa amekaa. Aliendelea hivyo mpaka Septemba mwaka jana. Mwezi wa Januari alilazwa hospitali. Baba yangu Benoît alikwenda kumwona kila siku. Siku moja Mama alimuuliza kama angali anaogelea. "Mayi iko wapi sasa, mama?" alijibu baba, na wakacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Tulimtunza kwa zamu, sisi watoto wake na wake wa watoto wake. Alipokea sakramenti akiwa na akili zake zote. Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Machi 1990, saa mbili, Germaine akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Marehemu ameacha watoto watatu, Alexis, Damas na Germaine. Ameacha pia wakwe, wajukuu sita, na dada yake Alphonsine. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, parokia ya Panda, na wanawake wa foyer walioshona sanda yake.

Wako wengine aliowaacha, ambao programu hii haikuweza kuwaandika, kwa kuwa karatasi isingetosha. Kwa hiyo naomba jambo moja, na Padri ameniruhusu. Kila mtu aliye hapa aliyefundishwa na Mama Philomène kulala juu ya maji, mtoto au mzee, na kila mtu aliyezaliwa na mtu aliyefundishwa naye, asimame.

Asanteni.

Naona waliobaki wamekaa ni wachache. Naomba tubaki hivyo, tumesimama, wakati anapopitishwa kati yetu. Bwana ampokee Mama yetu Philomène, amweke kando ya Georges wake, na ampe pumziko.